Mtambo wa dizeli unatoa moshi mweusi, tuuzoee tu?

SWALI: Habari mhariri. Naishi jirani na kituo cha umeme wa dizeli, wakiwasha asubuhi moshi mweusi tii unatanda mpaka nguo nilizoanika zinashika masizi, na nikiuliza naambiwa bila huo mtambo tungelala giza. Sasa na sola zote hizi mitambo hii bado ya nini, na huo moshi unatudhuru kiasi gani?

JIBU: Asante ndugu yangu kwa kuuliza. Waliokujibu hawajadanganya ila wameishia katikati. Dizeli inapendwa kwa sababu inawaka chapchap, jenereta ya dharura ya hospitali inaweza kushika mzigo, yaani umeme unaohitajika, ndani ya sekunde 10 hivi, na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kungoja jua lichomoze. Visiwani na migodini ambako gridi haijafika ndo kabisa, wengi wanaitegemea.

Tatizo ni huo moshi. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche, pistoni inagandamiza hewa mpaka inachemka halafu dizeli ikipulizwa humo inajiwakia yenyewe, sasa nozeli, ile inayopuliza mafuta, ikichoka inadondosha matone badala ya kupuliza ukungu, au filta ya hewa imeziba, mafuta hayaungui yote na yale yasiyoungua vizuri ndo masizi ya kwenye nguo zako. Na yanayoshika nguo ni yale makubwa, yale madogo kabisa huyaoni, yanaenda mpaka ndani ya mapafu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO ulitamka wazi kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani, kwa hiyo usikubali mtu akwambie utazoea.

Halafu kuna hewa ukaa. Lita moja ya dizeli haifiki kilo, lakini ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa kwa sababu kaboni yake inabeba na oksijeni ya hewani, na kwa lita hiyo unapata yuniti 3 au 4 tu za umeme.

Kinachoniuma zaidi ni jenereta kubwa kuachwa inaunguruma usiku kucha kwa ajili ya taa chache. Mzigo ukishuka chini ya asilimia 30 hivi injini haipati moto wa kutosha, mafuta mabichi yanachanganyika na masizi na utaona kitu cheusi kinachuruzika kwenye ekzosi kama lami. Hapo panatakiwa sola na betri zibebe kazi ya kila siku, dizeli ikae standibai.

Na msisahau matangi. Mei 2020 kule Norilsk, Urusi, tangi la dizeli la kituo cha umeme lilipasuka, zaidi ya tani 20,000 zikamwagika na mto ukageuka mwekundu.

Wewe fanya hivi, acha injini ipate moto kwanza ndo uangalie moshi. Ukibaki mweusi, hewa haitoshi au nozeli zimechoka au mzigo umezidi, ukiwa wa bluu inakula oili, mweupe usioisha ni dizeli inatoka bila kuungua. Andika siku na saa, piga picha, kisha nendeni majirani kadhaa mkaulize nozeli zilisafishwa lini, na oili chafu inamwagwa wapi.