"Overlook" na "look over": kijineno kikihama, maana nayo huhama

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Nilimwandikia bosi: "Kindly overlook the attached invoice before payment." Nilitaka aipitie ankara kabla hatujalipa. Akaniuliza kama nataka aifumbie macho! Maneno si ni yale yale, "look" na "over"? Na "backup" huandikwa pamoja au mbalimbali?

JIBU: Marahaba. Bosi wako hakukosea, sentensi yako ilisema hivyo hasa.

Vijineno kama "over", "up" na "out" vikitangulia kitenzi, huungana nacho na kuzaa kitenzi kingine chenye maana yake. "Overlook" ni kutokuona jambo au kulifumbia macho. Hoteli nayo huweza "overlook" bahari, yaani iko juu na bahari inaonekana kutoka hapo. Kijineno kikija nyuma, hubaki neno peke yake: "look over" ni kupitia kwa haraka. Ungeandika "Kindly look over the attached invoice", na ankara ikishatajwa, "look it over". Hiyo "it" huingia katikati. "Look over it" kwa maana hii haikubaliki.

Jozi za namna hii ni nyingi. Ukilipita gari lililo mbele yako ume-"overtake". Ukishika nafasi ya meneja aliyeondoka, hapo ni "take over". Mahakama ya rufani ikithibitisha hukumu, ime-"uphold". Foleni iliyokuchelewesha ime-"hold up" safari yako. "Set up" ni kuandaa, "upset" ni kuvuruga, kwa hiyo angalia unachoandika kuhusu kikao cha wakurugenzi. Na usijumlishe vipande ili upate maana: "understand" haina habari na kusimama chini ya kitu.

Inayonikera mimi ni "oversight". Kamati ya bunge yenye "oversight" inasimamia; mhasibu anayesema "it was an oversight" anakiri kwamba kapitiwa. Neno moja, maana mbili zinazopingana: ya kwanza inaendana na "oversee", ya pili na "overlook". Kwenye barua za kazi naikwepa kabisa, naandika "supervision" au "omission" kutegemea ninachokusudia.

Kuhusu "backup": nomino huandikwa pamoja, kitenzi mbalimbali. "The backup failed", lakini "back up the files every Friday". Ukisita, ipeleke kwenye wakati uliopita. Utasema "we backed up the files", na hiyo "-ed" imekaa katikati, basi ni maneno mawili. "Login" na "log in" ni hivyo hivyo, na "breakdown" na "break down" pia. Hata sikio linasaidia: kwenye nomino mkazo huangukia mwanzo, BREAKdown; kwenye kitenzi, kama gari likiharibika njiani, mkazo huhamia kwenye kijineno, it broke DOWN.