Aliyemshtaki Mungu, ndani ya Biblia yangu: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Dawa zimefika na mama yako anakushukuru. Swali lako nalo limefika. Unasema ulipokuwa hapa Pasaka ulifungua Biblia yangu, ukakuta kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne, chenye picha ya Ernie Chambers. Ukamtafuta kwenye simu, na jambo la kwanza ulilokutana nalo ni kwamba huyu ndiye yule seneta wa jimbo la Nebraska, Marekani, aliyemshtaki Mungu mahakamani. Ukaniuliza: “Baba, mtu wa namna hiyo anafanya nini ndani ya Biblia yako?”

Umeuliza kwa adabu, lakini naona umeumia. Basi nianze na kesi yenyewe.

Aliifungua Septemba 2007 mjini Omaha, akiiomba mahakama imzuie Mungu kuleta mafuriko, matetemeko na vimbunga. Wakati ule palikuwa na mabishano juu ya kesi zinazoitwa za kipuuzi, na wapo waliotaka zizuiwe zisifike kwa jaji. Yeye alitaka kuonyesha kwamba mlango wa mahakama uko wazi kwa kila mtu, dhidi ya yeyote. Oktoba 2008 jaji aliifuta, kwa sababu mshtakiwa hana anwani ya kupelekewa hati. Chambers akasema kama Mungu anajua yote, basi habari za kesi anazo. Mimi kesi ile sikuipenda, na leo pia siipendi. Jina la Mungu si la kujengea hoja. Ila ujue kwamba aliyefanya hivyo ni mtoto wa mhubiri, aliyeijua Biblia kuliko wengi waliomlaani, na aliyeinukuu bungeni kila mara alipotetea mnyonge.

Mimi nilimfahamu kabla ya hayo yote. Unakumbuka nilivyokusimulia habari za Mazimbu, pale Morogoro, serikali yetu ilipowapa ardhi ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wakajenga shule ya vijana waliokimbia kwao baada ya wanafunzi kupigwa risasi Soweto mwaka 1976. Tulicheza nao mpira. Mmoja hakuwa na habari ya mama yake kwa miaka mitano, na kila gari la posta lilipoingia alisimama. Sikumsahau. Agosti 1983 nilipofika Lincoln, mji mkuu wa Nebraska, kusomea kilimo, mwenyeji wangu aliniambia kwamba jimbo lile la mahindi na ng'ombe lilikuwa limepitisha azimio mwaka 1980 la kutaka fedha za pensheni za watumishi wake ziondolewe kwenye makampuni yenye biashara na makaburu. Lilikuwa la kwanza Marekani. Nilidhani ananifurahisha mgeni. Nikamuuliza ni nani aliyelileta. Akasema, mtu mmoja tu, kinyozi wa Omaha.

Kinyozi kweli. Alizaliwa Omaha mwaka 1937, akasoma Chuo Kikuu cha Creighton, akafanya kazi posta hadi akafukuzwa. Mwenyewe anasema ni kwa sababu alikataa wakubwa kuwaita wanaume weusi “boi”. Akashika mashine ya kunyolea. Kiti chake cha kinyozi kikawa ofisi ya mtaa mzima wa Omaha Kaskazini: mwenye shida na polisi, na mwenye nyumba, na mwalimu wa mwanawe, wote walipita pale. Mwaka 1969 askari alimpiga risasi binti wa miaka 14 akafa, mtaa ukawaka moto. Mwaka uliofuata watu wakamchagua kinyozi wao kuwa seneta. Baadaye, akiwa tayari seneta, alipata shahada ya sheria, lakini hakuwa wakili kwa sababu alikataa kujiunga na chama cha mawakili.

Bunge la Nebraska ni la chumba kimoja, maseneta 49, na hawagombei kwa tiketi ya chama. Mshahara ni dola 12,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wao ni watu wenye mashamba au biashara. Nilikwenda kukaa jukwaa la wageni mara tatu. Wenzake suti na tai. Yeye fulana, mikono wazi, na mbele yake rundo la miswada ambayo wenzake hawakuisoma. Alikuwa anaisoma yote. Akiona kifungu kibaya anasimama na kuzungumza, saa baada ya saa, mpaka wenye muswada wakubali kukaa naye mezani. Mwaka 1984 jimbo likaweka sheria ya kuziondoa zile fedha. Hicho ndicho kipande cha gazeti ulichokiona. Nilikikata nikiwa jikoni kwa mwenyeji wangu, nikimkumbuka yule kijana wa Mazimbu.

Lakini kama kuna jambo moja ningetaka ulijue, ni la adhabu ya kifo. Mwaka 1979 bunge lilikubali kuifuta, gavana akakataa kutia sahihi. Chambers akaurudisha muswada. Ukaanguka, akaurudisha. Hivyo hivyo, zaidi ya mara thelathini. Wapiga kura waliweka ukomo wa vipindi viwili mfululizo mwaka 2000, na wengi walisema wazi kwamba lengo ni yeye. Akatoka 2009, akakaa nje miaka minne inayotakiwa, akarudi 2013 na muswada wake. Mei 2015 ukapita. Gavana Pete Ricketts akaukataa. Ili kumshinda gavana zilihitajika kura 30. Zikapatikana 30 kamili, nyingi za wahafidhina, kwa sababu ya imani yao au ya gharama. Siku ile nilimwamsha mama yako usiku.

Furaha haikudumu. Gavana alichangia fedha zake kampeni ya kura ya maoni, na Novemba 2016 asilimia 61 ya wapiga kura wakairudisha adhabu hiyo. Agosti 2018 mtu akauawa kwa sindano. Chambers alikuwa na miaka 81, na bado alikuwa kwenye kiti chake.

Sitakuficha mabaya yake. Mwaka 2006 alisimamia kifungu cha kuzigawa shule za Omaha katika wilaya tatu, karibu sawa na mgawanyo wa rangi: weusi, weupe na Walatino. Yeye alisema shule tayari zimetengwa, basi watu weusi wapewe usimamizi wa shule za watoto wao. NAACP, chama kinachotetea haki za watu weusi Marekani, wakaenda mahakamani, na sheria ikafutwa mwaka uliofuata. Hapo naona alichoka kungoja akakubali kilichokuwa kibaya. Na mwaka 2015 aliwafananisha polisi na wapiganaji wa kundi la kigaidi la ISIS, akasema angekuwa na silaha angeitumia kwa polisi. Wenzake walimtaka ajiuzulu, akakataa. Mjomba wako alivaa sare ya polisi miaka ishirini na sita. Maneno yale niliyasoma nikaifunga simu, sikusoma zaidi siku hiyo.

Alikaa bungeni miaka 46, hakuna aliyemfikia Nebraska. Aliondolewa na ule ukomo tena, Januari 2021.

Unataka kujua kama namkubali. Sala za bungeni alizipinga hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1983, kura sita kwa tatu, na mimi niko upande wa wale sita. Tungekaa meza moja tungegombana. Lakini wakati wenye makanisa makubwa waliziacha pensheni zao zizae Johannesburg, yeye ndiye aliyesimama kwa ajili ya mtoto aliyekuwa anangoja gari la posta Mazimbu, wala hakumjua.

Kipande kile kilikuwa kwenye Mithali 31, pale panaposema tuwasemee wasio na sauti. Mama yako anasema alikikuta kwenye Zaburi, nadhani ulikirudisha kwa haraka. Nimekipeleka mahali pake.

Baba yako