Pete iliyong'ang'ania bomba la shaba

Ndugu, kama nati imefunguka ila pete (kile kipande cha duara kinachobanwa na nati kuzunguka bomba ili maji yasivuje) imegoma kutoka kwenye bomba la milimita 15, usiivute kwa plaizi. Pete imeliuma bomba. Ukilazimisha, bomba litaminyika na kiungo kipya kitavuja.

Hakikisha maji yamefungwa. Kata pete kimshazari kwa msumeno wa chuma, uishie kama robo tatu ya unene wake. Taratibu hapo, maana ukilikwaruza bomba, maji yatapitia mkwaruzo huohuo. Ingiza bisibisi bapa kwenye mkato, izungushe, pete itapasuka.

Safisha kwa msasa laini. Vesha bomba nati kwanza, ndipo pete mpya, kisha liingize kwenye kiungo. Kaza nati kwa mkono, kisha kwa spana mzunguko mmoja hivi, huku spana ya pili imeshika kiungo.