Swali: Barua za bibi zimefifia, nizipige laminesheni?

Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 21, nipo Tanga. Bibi alipofariki tulikuta barua kwenye sanduku lake la bati, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimetoka Unguja. Anayeandika anamwita bibi "mama" ila nyumbani hakuna anayemjua. Wino umefifia. Jamaa wa steshenari kasema tupake ndimu maandishi yatokee, halafu anipigie laminesheni.

Jibu: Marahaba, pole na msiba mdogo wangu. Usithubutu! Kesi kama hii naletewa kila mara, na mara nyingi mtu anakuja kashaharibu.

Ndimu ni asidi, na wino wa zamani uliogeuka kahawia mara nyingi ni ule wenye chuma, una asidi yake tayari inayokula karatasi taratibu, sasa wewe unaongeza nyingine, na umajimaji unautembeza wino. Shida yako ni kusoma, kwahiyo piga picha kwa simu karibu na dirisha, jua lisiipige barua, kisha ongeza kontrasti. Usiku laza tochi ubavuni mwa karatasi, pale kalamu ilipokandamiza utaona kamfereji hata kama wino umeisha.

Bahasha usitupe hata moja. Stempu yenye Sultani Khalifa wa Zanzibar haikusaidii sana kujua mwaka, alitawala 1911 hadi 1960, ila muhuri wa posta unaweza kukupa siku na mji. Tarehe za ndani zikiwa za Hijria zigeuze, 1354 inaanza Aprili 1935. Msomaji tafuta mzee aliyezoea Kiswahili cha herufi hizo, maana e na i mara nyingi zinaandikwa sawa, o na u vilevile, anayejua Kiarabu tu atakusomea jina la mtu au la kijiji sivyo na utamtafuta mtu ambaye hayupo.

Sasa hiyo laminesheni, jamani. Watu wanaamini plastiki inalinda, ndo inayomaliza hati za mashamba, vyeti vya ndoa, kila kitu. Mashine inapiga joto la zaidi ya nyuzi 100, gundi inayeyuka inazama ndani ya karatasi na asidi inafungiwa humohumo. Selotepu nayo ni hivyohivyo, inageuka njano na kuacha doa. Na hawa wa mtandaoni wanaouza dawa ya "kurudisha wino" wanachukua hela wanakuachia karatasi tupu. Plastiki ikishashika, kuibandua bila kuchana karatasi hata sisi wa nyaraka inatushinda, anayekuahidi ataibandua kwa elfu ishirini mpite tu.

Barua zako ziweke kwenye boksi kavu, mbali na mchwa na ukuta wenye unyevu, na kila moja ipe namba kwa penseli kwa mpangilio uleule uliozikuta.