Niko Masasi, vurugu zilikuwa Dar, mbona mimi ndo silali?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi niko Masasi, ile tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtaani kwetu hakukuwa na kitu, ila mdogo wangu anakaa Dar na intaneti ilivyozimwa zikapita siku simpati. Ilivyorudi klipu zikamiminika kwenye magrupu, nikawa naangalia mpaka saa nane usiku. Mdogo wangu mzima kabisa, kazini kesharudi. Mimi sasa, wiki ya tatu hii, mlango ukigongwa tu moyo unaruka, chakula hakipandi. Nimeanza kuchanganyikiwa? Na nifute WhatsApp? Maana bei za mnada wa korosho tunapata humohumo.

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Hujachanganyikiwa, na wala sio peke yako, tangu mwezi huo nimeongea na watu wengi hapa Mtwara wenye hali kama yako na wengi wao hata Dar hawajafika mwaka huu.

Mwaka 2013 kule Boston, Marekani, mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni. Watafiti waliwauliza watu wiki chache baadae wakakuta waliofuatilia habari za lile tukio masaa sita au zaidi kwa siku walikuwa na dalili nyingi za mshtuko kuliko hata waliokuwepo palepale. Ukifikiria unaona kwa nini. Aliyekuwepo kaona mara moja, akakimbia, kafika nyumbani, mwili umejua imeisha. Wewe umeona kitu kilekile mara kumi, gizani, umelala, huna pa kukimbilia, na kila ukifungua simu kinaanza upya. Juu ya hapo ulikuwa hujui mdogo wako yuko hai ama vipi, hilo peke yake linatosha kumkosesha mtu usingizi.

Alafu kuna jambo watu wa huku tunalisahau, kama ulikuwepo kipindi cha vurugu za kupinga bomba la gesi hapa Mtwara, Mei 2013, mwili unakumbuka hata kama we mwenyewe ushasahau, kwa hiyo klipu za sasa zinaweza kuwa zimeamsha na yale ya zamani.

WhatsApp usifute, msimu wa korosho huu utateseka bure. Ila ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, pale kwenye kupakua otomatiki toa tiki zote za picha na video, za data na za waifai, ili klipu isifunguke mpaka wewe uamue kuibonyeza. Magrupu yasiyo ya mnada wala familia yanyamazishe. Habari zisome, usiziangalie, mara mbili kwa siku inatosha, tena mchana, maana maandishi hayang'ang'anii kichwani kama video yenye kelele za watu. Ukiona ujumbe una mishale miwili ya kuforwadiwa mara nyingi uishie kwako, hasa wenye maiti, yule ni mtoto wa mtu.

Simu ikalale chumba kingine. Moyo ukiruka, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe taratibu ukihesabu mpaka sita, dakika tano hivi. Na mpigie mdogo wako umsikie sauti, usitegemee stetasi zake.

Nakuomba sana usinunue valiamu duka la dawa, usingizi utaupata siku za mwanzo, ila ukiizoea unaweza kushindwa kulala bila hiyo dawa.

Wengi hupoa wenyewe ndani ya wiki kadhaa. Hali ikivuka mwezi, au yale uliyoyaona yanakurudia kama yanatokea sasa hivi, nenda hospitali ya wilaya hapo Masasi au shuka Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Mtwara mjini, uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Ukipata wazo la kujidhuru usisubiri mwezi, nenda siku hiyohiyo na mtu unayemwamini.

Anza na zile tiki leo, alafu wiki ijayo niandikie unalala masaa mangapi.