Kampuni inataka kutumia video zangu milele: je, nisaini?

Swali: Ninatengeneza video za utunzaji wa ngozi mtandaoni. Kampuni moja ya vipodozi imeniletea mkataba wa video tatu. Unasema kampuni itaruhusiwa kuzitumia video hizo, pamoja na jina, sura na sauti yangu, milele, duniani kote na kwa njia yoyote. Kwamba sitafanya kazi na kampuni nyingine ya urembo kwa miezi 12. Na kwamba nitalipwa siku 90 baada ya kampuni kuridhika na kazi. Nilipouliza, niliambiwa huo ni mkataba wao wa kawaida na wenzangu wote wameusaini. Je, ninaweza kuubadilisha?

Jibu: Unaweza, na nguvu uliyo nayo leo ni kubwa kuliko utakayokuwa nayo ukishaweka saini. Usitegemee kwamba mahakama itakuja kukuokoa baadaye, kwa kuwa katika nchi nyingi sheria zinazozuia masharti kandamizi zilitungwa kwa ajili ya mlaji anayenunua bidhaa au huduma, na wewe hapa unahesabiwa kuwa mfanyabiashara. Ziko nchi zilizopanua kinga hiyo, kama Australia ambayo tangu 2016 inazilinda pia biashara ndogo, lakini kesi ni ndefu na malipo ya video tatu huenda yasitoshe hata gharama zake.

Kifungu kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile cha matumizi ya milele. Kwanza angalia kama kinaipa kampuni leseni, yaani ruhusa ya kutumia kazi ambayo hakimiliki yake inabaki kwako, au kinaihamisha hakimiliki yenyewe. Ni kweli kwamba Mkataba wa Berne, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, katika kifungu cha 6bis, unamhifadhia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi hata baada ya kuuza haki za kiuchumi, yaani za kupata kipato kutokana na kazi hiyo, lakini haki hiyo haitaizuia kampuni kuendelea kukuonyesha katika tangazo miaka kumi ijayo. Na hapo ndipo kifungu hiki kinapoungana na kile cha miezi 12: kampuni shindani haitapenda kumlipa mtu ambaye uso wake bado unauza bidhaa ya mwingine, kwa hiyo katazo la mwaka mmoja linageuka kuwa la kudumu ingawa hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Vifungu hivyo viwili visome pamoja, na uvijadili pamoja.

Usiombe kifungu kifutwe, kwa sababu kampuni ina haja halali ya kuzitumia video inazozilipia. Pendekeza maneno mbadala, kwa mfano: "Kampuni itaruhusiwa kuonyesha video katika akaunti zake za mitandao ya kijamii kwa miezi sita tangu siku video inapochapishwa mara ya kwanza. Matangazo ya kulipia, matumizi nje ya mitandao hiyo, na uhariri unaobadilisha maana yatahitaji ridhaa ya maandishi na malipo ya ziada." Ongeza sentensi inayokataza sura na sauti yako kutumiwa kutengenezea maudhui mapya kwa akili bandia, kwa kuwa neno "kwa njia yoyote" linaweza kusomwa kuwa linaruhusu hata hilo, na ungejikuta ukisifu bidhaa ambayo hujawahi kuigusa. Posti za zamani zinaweza kubaki katika kurasa zao bila kutangazwa upya; huo ni ulegezaji ambao mimi ningeukubali bila shida.

Kuhusu kutofanya kazi na washindani, "kampuni yoyote ya urembo" ni duara pana mno. Omba washindani watajwe kwa majina, au angalau aina ya bidhaa, na muda uishe siku 30 baada ya video ya mwisho. Wakishikilia miezi 12, basi huo ni mwaka wa kipato chako wanaoununua, na bei yake ihesabiwe kutokana na kazi utakazolazimika kuzikataa.

Malipo yasisimame juu ya neno "kuridhika", ambalo halina kipimo. Mkataba utaje maelekezo ya kazi kwa maandishi, marekebisho yasiyozidi mawili, na siku tano za kazi za kutoa maoni, ambazo zikipita kimya video itahesabiwa kuwa imekubaliwa. Dai nusu kabla ya kuanza na nusu ndani ya siku 30 tangu ankara, kisha weka sharti kwamba leseni inaanza pale tu malipo yote yanapokamilika. Sharti hilo la mwisho huharakisha malipo kuliko barua nyingi za kudai.

Tazama pia kama kuna kifungu cha kuifidia kampuni, yaani kinachokutaka ubebe hasara ikidaiwa kwa sababu ya video. Wewe uwajibike kwa ulichokiongeza mwenyewe, kama muziki usio na kibali. Madai kuhusu uwezo wa bidhaa yaliyoandikwa na kampuni yabaki mzigo wa kampuni, na kwa bidhaa za ngozi jambo hili ni zito. Kikiwapo kifungu kinachokuzuia kuonyesha kwamba video ni tangazo, kikatae moja kwa moja: nchini Marekani, kwa mfano, tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, inataka uhusiano wa malipo uelezwe wazi.

Kauli kwamba mkataba ni wa kawaida ina maana tu kwamba kuna kiolezo, na aliyekujibu huenda hana mamlaka ya kukigusa. Mwandikie barua pepe moja yenye maneno yako mbadala, umwombe aifikishe kwa mwanasheria wao. Malipo yakiwa makubwa, mpe wakili wako rasimu nzima aisome. Wakikubali kurekebisha mengine yote isipokuwa matumizi ya milele, mimi ningeiacha kazi hiyo, isipokuwa bei iwe inalingana na kipato cha miaka yote utakayokosa kazi za washindani. Wakati majadiliano yanaendelea, usirekodi wala usiwatumie hata video ya majaribio, kwa sababu kuanza kazi kunaweza kuhesabiwa kuwa umeyakubali masharti yao kama yalivyo.