Usimkamue mfanyakazi halafu ushangae akikosea

Nimefanya kazi miaka kwenye ofisi za kliaringi, zinazoshughulikia karatasi za kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa na jambo moja nimeliona wazi, mtu hachoki kwa kazi peke yake, anachoka zaidi akiona jasho lake halihesabiwi.

Ramadhani ikikaribia mizigo inamiminika bandari ya Kilindini, simu hazinyamazi, mteja anafoka, bosi naye anafoka, karani anatoka usiku akawahi feri ya Likoni na alfajiri yuko njiani tena. Ofisini kwetu kulikuwa na dada mmoja hodari kupita sote, namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7 na yeye akiitupia jicho mara moja imeshakaa kichwani. Akaahidiwa ovataimu, mwezi ukaisha hola, akiuliza anaambiwa shukuru una kazi. Haukupita muda 6 ikawa yaandikwa 8, fomu zarudi, mzigo walala bandarini na storeji, ile ada ya mzigo kukaa hapo, yapanda kila siku, yaani hizo pesa za storeji zingemlipa ovataimu yake na nyengine zikabaki! Bosi akamwita mzembe. Jamani ule si uzembe, ni akili iliyochoka na moyo uliokufa ganzi.

Tena si mimi tu nasema, mtaalamu wa afya na kazi Johannes Siegrist aliliandika hili mwaka 1996, kwamba ukitoa nguvu nyingi ukapata kidogo hata afya ya moyo inaharibika, na malipo kwake si mshahara tu, ni heshima pia, na kujua kwamba kazi yako iko salama na unaweza kupanda cheo.

Kwa hivyo bosi, ovataimu ilipe mwezi huohuo, na mtu akifanya vizuri msifu mbele ya wenzake kama vile unavyomgombeza mbele yao.

Na wewe mfanyakazi, saa zako za ziada ziandike kila siku kwenye daftari, manake ukienda kudai bila maandishi utazungushwa tu. Likizo usiiombe kama sadaka, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka na mshahara kamili, na siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Usiende kuongea ukiwa na hasira wala wakati ofisi imewaka moto, ngoja msimu utulie kidogo uingie na daftari lako. Akisema pesa hazipo kwa sasa, mwambie akuandikie atalipa lini.